Barua kutoka Kagugu: Mvumo Si Mgeni Kwetu

Ndugu zangu wa Unguja,

Nawaandikia kutoka Kagugu, mtaa wa kilimani katika kata ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo hapa Kigali. Mji huu hauchezi na kelele: mwaka 2023 serikali iliagiza baa na kumbi zifungwe saa 7 usiku siku za kazi, na saa 8 Ijumaa na Jumamosi. Kimya cha namna hiyo kinaufaa muziki ambao kwetu unadharauliwa bila ya kusikilizwa: ule wa kielektroniki wa taratibu, uitwao ambienti, ambao noti moja ya sintesaiza huvuma dakika kumi na wakati mwingine dumbak ikigonga kwa mbali. Husemwa ni mchezo wa Wazungu. Mimi nasema tuna undugu nao, na undugu huo unaanzia Kairo.

Mwaka 1944, miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer wa Paris kutoa kazi zake za kwanza za sauti zilizorekodiwa, Mmisri Halim El-Dabh aliingia na mashine ya kurekodia kwenye waya katika zar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo. Studioni akaondoa sauti za msingi, akaacha miangwi. Kwa hiyo moja ya kazi za mwanzo kabisa za muziki wa kielektroniki imetoka kilingeni, na bibi wa Makunduchi angeifahamu upesi kuliko profesa wa Paris. Kairo hiyohiyo ndiko Sultan Barghash wa Zanzibar, kama inavyosimuliwa, alikompeleka Mohamed bin Ibrahim ajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoundwa 1905, ikaja kuuendeleza muziki wa taarabu. Wauzaji wa muziki huko Ulaya hutangaza "midundo ya Mashariki" kana kwamba ni hekaya. Kwetu Mashariki ni upande zilikotoka jahazi za kaskazi. Na taksim je? Mpigaji udi hafuati ngoma wala mwimbaji, anazunguka ndani ya maqam, yaani mfumo wa noti, anakaa juu ya noti mpaka ikolee.

Najua jibu lenu: Mswahili anataka maneno. Ni kweli, tena kweli nzito, maana taarabu bila ya shairi ni karamu bila ya wali. Lakini bashraf haina neno hata moja na ndiyo inayofungua taarabu. Kasoro ni kwamba tunaitumia kama muda wa watu kutafuta viti. Usikivu tunaoukosa upo hapa Rwanda: kuna inanga, ala ya ubao uliochongwa kama sinia refu, wenye uzi mmoja unaopitishwa huku na huku hadi kuwa mistari minane au zaidi. Sauti yake ni ndogo mno. Jirani zetu Warundi hata huipigia wakinong'ona. Sophie Nzayisenga, mpigaji inanga wa Rwanda aliyefundishwa na baba yake Thomas Kirusu, huzirudia nyuzi zilezile mpaka msikilizaji aache kungoja mwisho. Si mvumo kwa maana kamili, ni mzunguko, ila sikio linalotakiwa ni lilelile.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba mabingwa wenyewe wamehamia Ulaya. Joseph Kamaru wa Nairobi, ajiitaye KMRU, mjukuu wa yule Kamaru wa nyimbo za Kikikuyu, anaishi Berlin, na albamu yake Peel ya 2020 ilitolewa na kampuni ya Vienna. Sawa. Ila tazameni alichokitengenezea albamu ya Temporary Stored ya 2022: rekodi za Kiafrika zilizowekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ghala lilelile lililoirudishia Rwanda nakala za maelfu ya rekodi za nchi hiyo. Fundi anaishi ughaibuni, naam, lakini malighafi yake imetoka bara letu.

Ombi langu ni kwa walimu na wanafunzi wa Dhow Countries Music Academy, chuo kilichopo hapo Unguja tangu 2002. Kanuni mnazo, kompyuta mnazo. Rekodini taksim moja ya nusu saa, bila ya mwimbaji, na msiikate.

Wenu,
Kagugu, Kigali