Jiwe la Kijani: Ujue Malakite Mbele ya Kununua



Ukisafiri toka Lubumbashi kwenda Likasi, njia ya kilomita karibu 120, usilale ndani ya gari. Tazama udongo. Fasi nyingine ni mwekundu, fasi nyingine mawe yanaonyesha madoa ya kijani. Ile kijani ni alama ya shaba, na jiwe lenyewe tunaliita malakite. Wazee wetu walilijua mbele ya Wazungu kufika. Waliliyeyusha kwa makaa ndani ya tanuru za udongo, wakatengeneza misalaba ya shaba ya kufanyia biashara. Kiwanda cha Lubumbashi nacho kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, kwa mawe ya mgodi wa Étoile, ndiyo Kalukuluku. Katika kilo 100 za malakite safi, kilo 57 hivi ni shaba.

Lakini leo nasema juu ya jiwe unalouziwa kando ya njia: yai, mkufu, tembo mdogo.

Kuko namna nyingi. Moja ina mistari ya kuzunguka, kijani cheupe na kijani cheusi, kama miti iliyokatwa. Nyingine ina nyuzi laini zinazong'aa kama kitambaa cha veluri. Nyingine tena imechanganyika na azurite, ambayo ni bluu kabisa, ao na krizokola, yenye rangi kati ya bluu na kijani.

Namna gani utajua ile ya kweli? Kwanza, iweke mkononi. Malakite ni nzito, karibu mara nne ya mayi ya kipimo kile kile. Plastiki ni nyepesi. Pili, iguse kwenye shavu: jiwe ni baridi, plastiki inapata joto upesi. Tatu, angalia mistari. Ile ya kweli hailingani. Ukiona mistari sawasawa katika shanga zote, uogope. Nne, geuza kitu chini. Wengine wanajaza mashimo kwa unga wa malakite na gundi. Si wizi kama muuzaji anakuambia, lakini bei yake ishuke.

Ukiifikisha nyumbani, kumbuka kwamba jiwe hili ni laini, kisu kinalikwaruza. Usilisafishe kwa ndimu wala siki, juu asidi inalila na mng'ao unapotea. Mayi ya uvuguvugu na sabuni kidogo vinatosha, kisha kitambaa laini.

Sasa nikuambie jambo langu. Siku moja nilisimama pa kijana mmoja anayechonga. Nilichagua mkufu wa mama wa nyumbani kwangu. Nilijua majaribu yote manne, na mkufu ulikuwa wa kweli. Hata hivyo nilikunja uso, nikasema mistari si mizuri, mpaka akakubali nusu ya bei. Akiwa anaufunga ndani ya karatasi, alianza kukohoa, na hakuacha upesi. Nyusi zake zilikuwa za kijani.

Nikamuuliza, "Mwanangu, unakatia jiwe kavu?"

"Ndiyo, papa pasta. Mayi iko mbali."

Ndugu msomaji, vumbi la malakite lina shaba, ni baya kwa kifua. Jiwe linapaswa kukatwa na kusuguliwa likiwa na mayi, ili vumbi lisiruke. Kitambaa puani kinasaidia kidogo tu. Na watoto wasicheze pale.

Nilihubiri mara nyingi juu ya mizani ya haki, na siku ile nilipunja kwa mdomo. Jumamosi iliyofuata nilirudi na nusu ya bei iliyobaki, na bidoni mbili za mayi. Alicheka, akasema, "Papa, hii itaisha kesho."

Alisema kweli. Kwa hiyo nawe ukipita pale, pima jiwe vizuri, kisha ulipe bei inayomwezesha mchongaji kununua mayi ya kesho kutwa.