Boda Inawaka Kama Ukumbi wa Harusi, Indiketa Hakuna! Mchumba Agoma Kupanda

Kuna kijana mmoja wa boda Singida mjini, wengi wanamjua kwa taa. Usiku pikipiki yake inawaka bluu, kijani, zambarau, utadhani ukumbi wa harusi. Shida moja tu: indiketa haziwaki, na honi nayo imekufa.

Juzi kati alikuwa anamrudisha mchumba wake kutoka Ikungi, jua limeshazama. Akataka kukata kulia, akabonyeza swichi, kimya. Akakata hivyo hivyo. Kumbe lori la nyuma lilishaanza kuwapita! Breki zikalia, wao wakaishia kwenye shamba la alizeti, michubuko kila mahali. Bidada akajikung'uta, akauliza kitu kimoja: "Hayo mapambo unamwashia nani, kama wa nyuma hajui unaenda wapi?" Tangu siku hiyo hapandi.

Jamaa akabaki anajitetea kwamba mbona taa kubwa inawaka. Fundi akamcheka. Pikipiki nyingi za biashara, taa kubwa inakula umeme wa injini ikiwa inaunguruma. Indiketa na honi zinategemea betri, kupitia fyuzi. Zikifa pamoja, usikimbilie kununua globu, anza na fyuzi na betri.

Kufungua, aibu! Wakati wa kufunga mapambo, waya wa indiketa ulibanwa na chuma ukachubuka. Kila ukigusa bodi, fyuzi inakatika. Badala ya kutafuta chanzo, jamaa akaweka karatasi ya sigara. Fyuzi haikatiki tena, ila waya ukaungua wote. Mapambo yeye aliyaunga moja kwa moja kwenye betri, ndo maana yaliendelea kung'aa.

Na wewe shika hizi: indiketa za upande mmoja zikikonyeza haraka haraka, mara nyingi globu moja imeungua. Zikiwaka bila kukonyeza, shuku flasha. Zikififia, angalia betri, halafu kutu kwenye waya wa ethi.

Wengi wanawaza trafiki tu. Kwenye bajeti ya 2021, Mwigulu Nchemba, mtoto wa Iramba hapo hapo Singida, akiwa Waziri wa Fedha, alipendekeza faini za boda zishuke kutoka 30,000 hadi 10,000. Sawa, ila lori halipokei faini.

Sasa jamaa katoa mapambo yote, kaweka waya mpya na fyuzi ya saizi yake. Indiketa zinakonyeza freshi kabisa. Bidada bado anapanda bajaji. Wadau, asamehewe au aendelee kusota?