Mwalimu, Na Wewe Umo?

Mnajua kwamba mkono wa katekista haujai fedha, wala siandiki hayo ili kulalamika. Mwaka 2023 bibi yangu na mimi tulitafuta biashara ndogo ya kufanyia nyumbani, katika nyumba yetu ya mbao pale Ndosho, Goma. Akaja jirani mmoja, amevaa suti, kalamu mbili mfukoni, akatueleza habari za kampuni iuzayo chai na vidonge vya afya. Utoe dola 60 za kuingia, upewe sanduku la mali, kisha ulete watu wawili; nao kila mmoja alete wawili wake. Katika fedha za wote hao utapata fungu lako.

Seminarini hesabu hazikunishinda. Lakini usiku ule sikuhesabu. Dola zilinipendeza.

Basi nikaingia. Wa kwanza niliyemleta alikuwa mjane wa jumuiya yetu, mwuza makala. Hakuuliza neno lolote juu ya kampuni. Aliuliza hili tu: "Mwalimu, na wewe umo?" Nikajibu, "Nimo, mama." Akafungua fundo la kitenge chake, akahesabu akiba yake mbele yangu. Kwa ajili yake kampuni ilinipa dola 6.

Chai haikununuliwa. Nani Ndosho atalipa bei ile, na watoto hawajala? Jirani akatuambia tusihangaike na chai, tutafute watu. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Wawili, wanne, wanane; ukifika safu ya ishirini wanatakiwa watu 1,048,576. Tukiisha kuimaliza Goma tutaandikisha samaki wa Ziwa Kivu? Tena safu ya mwisho peke yake ina watu wengi kuliko safu zote zilizo juu yake zikijumlishwa. Siku yoyote kazi ile itakaposimama, zaidi ya nusu ya watu watakuwa wametoa fedha bila kupata kitu.

Wala si jambo jipya. Wazee wanaikumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, ilivyoanguka mwaka 1991 pamoja na akiba za watu. Tanzania walikuwa na DECI, mpaka serikali ilipoizuia mwaka 2009. Kutoa fedha kule kuliitwa "kupanda mbegu", neno la Injili kabisa!

Siku hizi mtu wa kampuni akija, namkaribisha kiti na kumwuliza. Mali hii, nani ataitumia asiyetafuta faida ndani yake? Ikinilalia, mtaipokea na kunirudishia fedha? Vidonge hivi mnasema vyaponya sukari. Daktari gani amevipima? Kampuni njema zinazouza kwa njia ya watu wa nyumbani zipo, nami sizitukani. Lakini yule anayekasirika kwa sababu ya maswali, namsindikiza mpaka barabarani.

Sisi sasa twauza jibini ya Masisi, ile wengi huku waiitayo fromaji, kwa vipande. Mtu atuleteaye hutaja bei mbele ya wote, na jibini ikiharibika kabla ya siku yake huibadili bila maneno. Faida ni ndogo. Lakini anayeinunua huila.

Yule mjane hakunidai kamwe. Ningalifurahi kama angalinigombeza! Nilimwendea, nikamwambia kosa ni langu, nikaanza kumlipa dola 5 kwa mwezi. Januari 2025, vita ilipoingia mjini, malipo yalisimama miezi mitatu. Naye akanyamaza vilevile.

Siku ya malipo ya mwisho alizipokea fedha, akazifunga katika kitenge, kisha akanyosha kidole juu ya kabati. Sanduku lake lilikuwa pale, limejaa vumbi.

"Mwalimu, na chai hii tutaifanya nini?"

Tukachemsha maji.