Kafetiera ya Mjomba

Mwezi uliopita mnunuzi wa chuma chakavu alipita mtaani kwetu Mjimwema, hapa Songea, na mizani yake ya kuning'iniza. Mjukuu wangu, kijana wa kidato cha nne, alimpelekea sufuria mbili zilizotoboka, vipande vya bati na kafetiera. Nilitoka nje nikaikuta tayari iko kwenye ndoano. Niliichukua mkononi mwa yule bwana bila hata kumsalimu. Kijana akashangaa. "Bibi, si birika bovu hilo? Ukitia maji hapa juu yanazuiwa na hicho kibomba."

Nilikasirika, kisha hasira ikanirudia mwenyewe. Miaka kumi na saba mtoto huyu anaishi kwangu, na sikuwahi kumpikia kahawa kwa chombo kile. Angejuaje?

Kafetiera yenyewe ni ya alumini, ina pande nane, urefu wake shubiri moja. Kiunoni inafunguka kwa kuzungusha. Chini kuna chumba cha maji chenye vali ndogo ya shaba ubavuni. Katikati kuna kichujio chenye mguu kama faneli. Juu kuna jagi lenye hicho kibomba alichokisema mjukuu. Mshikio wa awali uliungua zamani. Huu uliopo ni wa mninga, na seremala aliyeuchonga alikuja kuupima mara tatu.

Ililetwa na mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa mpishi wa mapadre Waitaliano huko Iringa. Wamisionari wa Consolata ndio walioshika misheni za kule baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza. Huku kwetu Peramiho Wabenediktini walirudi, kwa hiyo mambo ya Kiitaliano hatukuyajua. Mwaka alioileta nimejaribu kuutafuta. Mimi nasema 1975, kwa sababu nilikuwa darasa la tatu. Dada yangu anasema ni 1977, kwani yeye alikuwa ameshapata kipaimara. Nimefukua cheti chake cha kipaimara, kinasema 1974, basi hakikutusaidia kitu. Ilikuwa kabla ya lami ya Makambako. Mjomba alishuka kwenye lori ana vumbi mpaka kwenye kope, na kafetiera ameifunga ndani ya shati lake la kanisani.

Asubuhi ya pili alituonyesha. Alitia maji mpaka chini kidogo ya vali, akasema vali isizamishwe kamwe, maana hiyo ndiyo inayookoa uso wako mvuke ukizidi. Akajaza kahawa kwenye kichujio, akaisawazisha kwa mgongo wa kisu. Dada alipotaka kuishindilia kwa kijiko, mjomba alimshika mkono. "Iache ipumue, mwanangu. Ukiishindilia maji yatapita wapi?" Akakaza kiuno kwa kitambaa. Moto haukuwa wa kuwaka: alitenga makaa yaliyokwisha kuvaa majivu, akaiweka juu yake, akaacha kifuniko wazi.

Tulichuchumaa wote kulizunguka jiko, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Halafu kwenye kibomba likatokea tone jeusi, likafuata jingine, kisha kahawa ikaanza kuteremka taratibu, nzito, rangi ya asali ya miombo. Chini maji yalikuwa yamepata moto, mvuke na hewa iliyofungiwa vikayasukuma yapande kupitia kwenye kahawa. Rangi ilipoanza kupauka mjomba aliipua. "Ikikoroma umechelewa," alisema. Mpaka leo sijapata sheria bora ya jikoni kuliko hiyo, kwa sababu mkoromo ule ni mvuke unaopita kwenye machicha, na ndio unaoleta uchungu wa kuungua.

Yeye aliiita kahawa ile espreso. Baadaye nimejifunza kwamba mashine kubwa za mikahawani husukuma maji kwa mgandamizo unaofikia mara tisa ya ule wa hewa ya kawaida, na kafetiera haipati hata robo ya nguvu hiyo. Lakini chombo hiki alikibuni Alfonso Bialetti kule kaskazini mwa Italia mwaka 1933 ili watu wapate nyumbani kitu kinachokaribia kile cha mkahawani, na kwangu kinakaribia vya kutosha.

Kahawa tuliinunua kwa mzee mmoja mwenye duka njiani kwenda Majengo, mtu wa Kilwa aliyeletwa Songea na biashara ya chumvi na samaki wakavu. Duka lake lilikuwa na giza, na nje ya mlango, kabla hujaona chochote, ilikupokea harufu. Kila Ijumaa baada ya swala alikaanga buni uani, kwenye kikaango cha chuma kipana kama ungo, akizigeuza kwa mwiko mrefu bila kusimama. Kwanza zilitoa harufu ya nyasi mbichi, kisha ya mkate, kisha ghafla ile yenyewe. Zilipoanza kualika kama bisi alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, halafu akazimwaga kwenye mkeka na kuzipepea kwa ukili. Watu waliokuwa na safari zao walisimama. Nguo zangu za shule zilinukia hiyo harufu hadi Jumatatu, na mwalimu wa darasa aliwahi kuniuliza kama kwetu tunauza kahawa.

Kwao kahawa huchemshwa kwenye mdila na kunywewa kwa vikombe vidogo, kwa hiyo alizoea kuitwanga laini sana. Pakiti yetu ya kwanza ilikuwa laini hivyo hivyo. Maji yakashindwa kupita, vali ikapiga mluzi, mama akakimbia na khanga yake. Nikarudishwa dukani na kafetiera yenyewe. Mzee aliifungua, akachungulia matundu ya kichujio kwenye mwanga wa mlangoni, akapitisha kidole ndani. Kisha akasoma maandishi ya ubavuni: Moka. "Mokha ni bandari ya Yemeni," akaniambia. "Kahawa ya dunia nzima iliwahi kupitia pale. Mwambie mjomba wako chombo chake kina jina la Kiarabu." Akarudi kwenye kinu cha shaba, akatwanga upya, akasugua kidogo kati ya vidole vyake na kidogo kati ya vyangu. Isiwe unga, isiwe chenga. Tangu siku ile alitutwangia yetu peke yake, akaifunga kwa karatasi ya gazeti yenye umbo la pembe, na hakutuongezea hata senti.

Buni zile zilitoka Mbinga. Kilomita mia moja tu kutoka hapa, kwenye milima ya Umatengo yenye mashamba ya ngoro, Arabika ilikuwa imelimwa tangu wakati wa mkoloni. Kahawa karibu yote ilipitia chama cha ushirika cha NGOMAT, halafu mamlaka zilizofuata, na safari ikaishia mnadani Moshi na melini. Mwaka mmoja shemeji yake baba alitujia kutoka huko, mkulima wa miaka ishirini, mikono imepasuka kwa kuchuma na kwa dawa ya chulebuni. Mama akampikia. Alikunywa kikombe kimoja polepole, akatazama machicha, akauliza, "Hii ndiyo ile yetu?" Mama akamjibu ndiyo. Hakuongeza neno. Nyumbani kwake walikunywa chai, na sukari ikiadimika walikunywa uji. Uso wake siku ile sijausahau, na ndio hasa ulionifanya nianze kuandika haya.

Miaka iliyofuata ilipita haraka. Mpira wa kiunoni ulikauka, mjomba akakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli, kahawa ikanuka mpira wiki nzima. Mzee wa Kilwa alirudi kwao kufa. Wanawe hawakutaka kukaanga, na leo kwenye fremu ile kuna wakala wa miamala ya simu. Bei ya kahawa ikaanguka, wengine wakang'oa mibuni. Mjomba tulimzika mwaka wa mvua nyingi. Zikaja kahawa za unga za kuyeyusha, nami pia nikazizoea kwa sababu ya kazi na haraka, kafetiera ikapanda juu ya kabati.

Mwaka jana nililala kwenye nyumba ya wageni mjini Mbinga. Dirishani niliona mibuni. Asubuhi nililetewa chupa ya maji ya uvuguvugu na kipakiti cha kahawa kutoka nje ya nchi. Nilimwuliza binti aliyehudumu kama wana kahawa ya hapa. Akanijibu kwa adabu, "Ya hapa ni ya kuuza, mama." Hakuwa na kosa. Lakini nasema wazi kwamba ni aibu, na ni yetu watu wazima, tuliompa mtoto yule jembe na kikapu bila kumpa kikombe.

Kafetiera nimeiagizia mpira mpya Dar es Salaam, ukaletwa na basi. Nimeisugua kwa maji matupu, bila sabuni na bila steli waya. Jumamosi mjukuu alitia maji na kusawazisha kahawa mwenyewe, akaiweka kwenye makaa. Aliipua kabla haijakoroma.

Kwa wenzangu wa Mbinga, Songea na Nyasa wenye mibuni, nina ombi moja. Msimu huu, kabla magunia hayajapanda gari, toeni debe moja libaki nyumbani. Mkoboe, mkaange Ijumaa uani, milango ikiwa wazi, watoto wakiwapo.