Ushairi wa Kila Siku na Msemaji wa Kumuse

Wako watu wadhanio ya kwamba ushairi ni mali ya vitabu tu, na ya kuwa asiyejua vina na mizani hana fungu katika sanaa hiyo. Lakini mtu atakayetembea Bumula, katika nchi ya Wabukusu huko Bungoma, atakutana na ushairi njiani kabla hajafungua kitabu.

Na autazame kwanza katika majina. Mtoto azaliwaye wakati wa mvua huitwa Wafula, na akiwa msichana, Nafula. Wa kiangazi ni Simiyu au Nasimiyu. Wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Na aliyezaliwa wakati wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Basi mama amwitapo mwanawe jioni aje kula, hutaja jina ambalo ndani yake mna wingu, au jua, au ghala tupu. Njaa ya zamani haikuandikwa juu ya jiwe. Huitwa kwa jina la mtu, naye huitika.

Hata mpakani Busia, vijana wa baiskeli waliowavusha abiria katika miaka ya 1960 waliipatia kazi yao jina la mpaka wenyewe: boda boda. Hawakukusudia kutunga shairi; lakini neno lile lina mapigo kama ya ngoma, na leo limeenea Afrika Mashariki nzima.

Walakini maneno ya kila siku hutawanyika kama makapi asipopatikana wa kuyakusanya. Kwa Wabukusu, mtu huyo ni msemaji wa kumuse. Afapo mzee wa heshima, siku chache baada ya maziko watu huketi uwanjani kimya, naye msemaji, aliyerithi kazi hiyo katika ukoo wake, hutembea mbele yao na fimbo mkononi. Hueleza safari za mababu, hutaja koo, huwafariji waliofiwa, kisha huwaonya walio hai juu ya mwenendo wao. Aliyehamia Kitale na aliyebaki Bumula husikia hapo ya kuwa shina lao ni moja. Mzee Manguliechi alisifika sana kwa kazi hii, hata wataalamu wakaandika juu yake.

Jambo hili si la Wabukusu peke yao. Huko Mombasa, Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, husemwa kuwa aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Alitunga juu ya siasa za mji, mapenzi na shida za nyumbani, na watu wakajiona humo.

Siku hizi mazikoni kipaza sauti mara nyingi hushikwa na waombao kura. Nao ni wasemaji pia. Lakini mwenye kutafuta kura huchagua yapendezayo, hali msemaji wa kumuse ana ruhusa ya kusema yaumayo. Jamii ikimpoteza huyu, itabaki na sifa nyingi na maonyo machache.

Yafaa basi vijana wenye kalamu, na wenye simu za kunasa sauti, wakae karibu na wazee hao wangali hai. Ushairi haujakosekana Bumula. Lakini msemaji, hata awe hodari namna gani, hana kazi pasipo watu walio tayari kunyamaza na kumsikiliza.