Usimwambie Umemshika

Kuna uongo ambao wengi wetu tuliambiwa tukijifunza baiskeli: "Nyonga tu, nimekushika." Mtu mzima anakimbia nyuma ameshika kiti, halafu mahali fulani anaachilia kimyakimya. Wewe unaendelea, ukidhani uko mikononi mwa mtu. Ukigeuka unamwona kule mbali, mikono kiunoni, anacheka. Hapo ndipo unaanguka.

Watu husema huo ni uongo mzuri, maana mtoto hatimaye anajua kuendesha. Mimi naujua upande wake mwingine. Nilipoitwa chuo kikuu, kijiji kizima kilichanga. Wazee wakaniambia, "Soma tu, tuko nyuma yako." Mwaka wa pili nikageuka, nyuma hakuna mtu. Mvua ilikuwa imekosa, mjomba ameachishwa kazi, pesa zimeisha. Hayo naelewa. Kilichoniuma ni kwamba nilijua siku ya mtihani, mlangoni, jina langu likiwa halipo kwenye orodha. Ningeambiwa miezi mitatu mapema, ningetafuta kibarua au niahirishe masomo. Walinyamaza ili nisiogope.

Siku hizi naandikia watu makala nikiwa nyumbani, Umoja, na kwa sababu mimi ndiye wa kushinda kwa nyumba, nabaki na binti ya dada yangu. Ana miaka sita. Mama yake alipopata kazi Doha, mkataba wa miaka miwili, alimnunulia baiskeli ya mtumba yenye vigurudumu viwili vya kando. Akaniambia, "Nataka nimwone akiendesha bila hizo kabla sijaenda." Tulikuwa na Jumamosi tano.

Mtoto aliniuliza swali moja tu: "Anko, hutaniachilia?"

"Nitakuachilia," nikamwambia. "Lakini nitakuambia kwanza."

Vile vigurudumu vya kando vina shida moja: vinamzuia mtoto kujifunza kitu chenyewe. Baiskeli haisimami kwa sababu umekaa wima kama nguzo. Inasimama kwa sababu kila ikianza kulala upande mmoja, unageuza usukani kidogo upande huohuo, na magurudumu yanarudi chini yako. Ikilala kushoto, unaufuata kushoto. Vigurudumu vya kando vikiwepo, baiskeli hailali kabisa, kwa hivyo mwili haupati nafasi ya kujua dawa ya kuanguka. Mtoto anajua kunyonga tu, na kunyonga ndiyo sehemu rahisi.

Kwa hivyo niliazima spana kwa fundi, nikatoa vigurudumu, halafu nikatoa na pedali. (Ya kushoto hufunguka kinyume na ulivyozoea, unaizungusha kufuata mwendo wa saa.) Nikashusha kiti mpaka nyayo zake zote mbili zikakanyaga chini vizuri. Majirani walicheka: ati baiskeli gani hiyo haina pedali? Lakini hata historia ilianzia hapo. Mwaka 1817, Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili ambacho mtu alikiendesha kwa kusukuma ardhi na miguu. Pedali zilikuja miongo kadhaa baadaye. Binadamu alijua kujisawazisha kabla ya kujua kunyonga.

Tulienda uwanja wa kanisa moja jirani, wenye mteremko kidogo sana. Jumamosi ya kwanza alitembea tu na baiskeli katikati ya miguu. Ya pili akaanza kuruka kama chura. Ya tatu aliinua miguu yote miwili akateleza hatua kumi, akaanguka, akachubuka goti. Nilikuwa nimemwambia ataanguka, kwa hivyo alilia kwa uchungu tu, si kwa kushangaa. Hiyo tofauti niliiona kwa macho yangu.

Jumamosi ya nne nikarudisha pedali. Nikamshika mabegani, si kwenye usukani, ili baiskeli ibaki yake. Nikamwambia aangalie mbele, asiangalie tairi. Tulipofika kwa mti nikasema, "Sasa naachilia." Usukani ukayumba kushoto, ukayumba kulia, ukatulia. Akauliza bila kugeuka, "Uko wapi?"

"Kwa mti. Sijakushika."

"Sawa," akasema, akaendelea kunyonga.

Jumamosi ya tano dada alikuja mwenyewe, akasimama kando akilia na kucheka. Usiku alikuwa akipanga nguo kwenye sanduku. Shosho alikuwa amempigia simu mchana na ushauri wa kawaida: mwambie unaenda tao, utarudi jioni, atazoea polepole. Dada akaniuliza naonaje. Nikamwambia mtoto huyu ameshazoea kuambiwa.

Akamwita, akamketisha kitandani, akamwambia yote: ndege, Doha, miaka miwili, na kwamba mimi na shosho tutabaki naye. Mtoto alilia hadi akapata kwikwi. Hakuna spana ya kufungua kitu kama hicho, na sikujaribu.

Baadaye, akiwa amelala kifuani mwa mama yake, akauliza miaka miwili ni Jumamosi ngapi.

Tukahesabu pamoja. 104.