Siku niliposhuka Tshivanga bila vitesi

Ninyi munaoishi machimboni kule Kamituga na Mwenga munajua ile barabara kuliko miye. Toka Bukavu mpaka Kamituga ni kilometri karibu 180, lakini wakati wa mvua nani anahesabu kilometri? Tunahesabu siku. Mume wangu anatumika huko. Mwaka 2016 alilala njiani usiku tatu, sababu shofere alishikwa na malaria na hakukuwa mwingine wa kuendesha. Ndipo nikasema: nitajifunza.

Shemeji yangu, shofere wa zamani, alikubali, ila si kwa njia ile. «Mama Furaha, matope ya Mwenga si somo la kwanza.» Siku ya posho, mwezi wa saba, udongo mukavu, tukatoka Nyawera na jipu yetu nzee, watoto wawili nyuma. Tukafuata barabara ya Kavumu, na pale Miti tukakata kushoto, kupanda Tshivanga, kwenye mlango wa hifadhi ya Kahuzi-Biega. Ni njia ya mawe na mashimo, lakini haina hila nyingi.

Kabla ya kupanda alinishusha. Jipu za namna ile, kubadili mukono wa ndani peke yake haitoshi. Unazungusha kwanza kifuniko cha katikati ya kila gurudumu la mbele mpaka kwenye alama ya kufunga; bila ile, magurudumu ya mbele hayavuti. Halafu tukapanda polepole sana. Hata kuku angetupita. Mashimo tuliyavuka bila kelele, na miye kichwa kikaanza kuvimba. Magurudumu mane yanavuta! Niogope nini tena?

Kwa kurudi, shemeji akiongea na watoto, nikatoa vitesi ili kupunguza mazutu. (Bei ya mazutu munaijua.) Gari ikateremka bure. Kwanza utamu. Kisha freni, niliyokuwa nimekanyaga muda murefu, ikaanza kunuka kama kitambaa kinachoungua, na mara mguu ukazama mpaka chini bila kukuta kitu. Furaha akalia: «Mama!»

«Tia ya pili! Pampa freni! Kushoto, kwenye mulima!» Vitesi ikalia, ikaingia. Motere ikaikamata gari, nasi tukajikwaruza kwenye ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia. Upande wa kuume kulikuwa bonde.

Tulikaa pale kungojea freni ipoe. Shemeji hakunikaripia. Alisema tu: «Magurudumu mane yanakusaidia kwenda, Mama. Hayakusimamishe. Kwa kushuka, ni motere inashika gari. Vitesi uliyopandia, ndiyo uteremukie.»

Mume wangu aliporudi aliona bawa la gari limepindika. Nilimwambia yote, hata ile ya mazutu. Nilingojea hasira. Akanyamaza, akageuza kofia mikononi.

«Na miye,» akasema, «kule Mwenga ni vile nashukaka.»